Mhojiwa Nambari Saba

Kuna maandishi ambayo hakuna mhakiki huyagusa. Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, siku hizi hata video za TikTok tunazihakiki, lakini orodha ya masharti ya kuhitimu tunaipita tu kama kibao cha barabarani. Mimi nimeamua kuisoma. Nimesoma orodha za shahada ya uzamili ya muziki, zile ambazo idara huwapa wanafunzi wapya, na wengi wao huzifungua maji yakiwa tayari yamefika shingoni. Nimezisoma vile ningesoma hadithi fupi: nani anaongea humu, nani amenyamazishwa, na mwisho wake unamfurahisha nani.

Kabla hujaniuliza: hapana, sina uzamili. Hata ile shahada ya kwanza sina. Karo ilinitoa chuoni kabla sijamaliza, na sasa naishi kwa vibarua vya kuandika kati ya Kitale na Bungoma. Kibarua kimoja ndicho kilinileta kwa mada hii. Wanafunzi wa uzamili wanaokuja huku kurekodi muziki wa Wabukusu huondoka na masaa mengi ya mahojiano, na wengine hawajui Lubukusu, ama wanajua ya kuombea maji tu. Wananitumia sauti kwa simu, mimi nasikiliza, naandika neno kwa neno, natafsiri, nalipwa kulingana na urefu wa rekodi. Kwa hivyo nimesikia tasnifu kadhaa kabla hazijakuwa tasnifu. Nimezisikia zikiwa bado na jogoo nyuma, boda ikipita, na mzee akikohoa kabla ya kuanza wimbo.

Sasa tuisome orodha yenyewe. Kwa jumla zinafanana, iwe ni Kenyatta, Maseno ama kwingine, hata kama kila chuo kina vipengele vyake. Kwanza ni masomo ya darasani: nadharia, historia, mbinu za utafiti. Kisha pendekezo la utafiti, ambalo mwanafunzi hulitetea mbele ya idara. Likipita, anaomba kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, maana utafiti Kenya unahitaji kibali. Anaenda nyanjani, anarudi, anaandika tasnifu. Tasnifu inapitishwa kwenye programu ya kompyuta inayonusa wizi wa maandishi. Vyuo vingi siku hizi humtaka pia awe na makala moja iliyochapishwa ama kukubaliwa na jarida la kitaaluma. Halafu anatetea tasnifu mbele ya jopo la watahini, anasahihisha, anakabidhi nakala, anavaa joho. Kuna pia mikondo ya wapigaji na watunzi. Huko mpigaji hufanya onyesho la kuhitimu mbele ya watahini, na mtunzi hukabidhi mkusanyiko wa tungo zake pamoja na maelezo ya namna alivyozitunga.

Lakini wanaokuja huku kwetu wengi ni wa mkondo wa utafiti, na hapo ndipo orodha inaanza kunishangaza. Angalia vitenzi vyake. Kuandika, kuwasilisha, kutetea, kuchapisha, kusahihisha. Mtu anaweza kufuata njia hiyo mwanzo hadi mwisho, aitwe bingwa wa muziki wa litungu, na asiwahi kushika litungu mkononi. Hakuna kipengele amevunja. Orodha haikumuuliza.

Linganisha na mtoto wa kidato cha nne. Anayefanya muziki kwenye KCSE ana karatasi tatu: moja ya vitendo, moja ya kusikiliza, moja ya historia na nadharia. Yaani huyo mtoto wa miaka kumi na saba au kumi na minane, kutoka shule pengine yenye kinanda kimoja kibovu, lazima aimbe ama apige kitu mbele ya mtahini, na lazima athibitishe kwamba masikio yake yanafanya kazi. Ukipanda juu zaidi kwa mkondo wa utafiti, mkono na sikio vinaachwa njiani na kalamu inabaki peke yake. Ni kama chuo cha upishi ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapika, na mabingwa wanaandika tu kuhusu njaa.

Swali hili si geni, na si la Kenya pekee. Mwaka 1960 Mmarekani mmoja, Mantle Hood, aliandika makala akisema kwamba mtu anayetaka kusoma muziki wa watu wengine hana budi kujifunza kuupiga, afike mahali awe na muziki mbili kichwani kama vile mtu anavyokuwa na lugha mbili. Chuoni kwake UCLA aliwaketisha wanafunzi chini wakapiga gamelan ya Java. Wengine walimpinga, wakisema kazi ya mtafiti ni kueleza, na kutumbuiza ni kazi ya wenyewe. Nawaelewa. Daktari wa uzazi si lazima awe amezaa. Lakini hata huyo daktari hapewi cheti kwa kuandika kuhusu uzazi. Anawekwa wodini, na mtu anayejua anasimama kando akimtazama mikono.

Kuna sababu nyingine ya kutilia shaka orodha inayoegemea kalamu, na hii watu wa rika langu wanaijua vizuri kuliko maprofesa. Kenya ina biashara kubwa ya vijana wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kwa malipo. Si siri, magazeti ya ndani na ya nje yameshaiandika sana. Anayeweza kumwandikia mwanafunzi wa Uingereza insha ya falsafa hawezi kushindwa na sura ya pili ya tasnifu ya mtu wa hapa. Programu ya kunusa wizi haitamshika, kwa sababu hakunakili, aliandika upya. Na sasa kuna akili unde juu yake. Basi niambie, katika ile orodha nzima, ni kitu gani ambacho pesa haiwezi kununua? Ni onyesho. Huwezi kumtuma mtu akupigie nyuzi saba mbele ya jopo huku wewe umekaa nyumbani. Sharti ambalo idara za muziki zinaliona kama la wapigaji tu ndilo gumu kuliko yote kughushi.

Kama unadhani Bungoma haina masharti ya kuhitimu, hujakaa Bungoma. Chukua litungu. Ni ala ya nyuzi, kwa kawaida saba, mwili wake ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi, na mikono miwili ya mti inayoshika kijiti cha juu ambapo nyuzi zinafungwa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za mnyama, leo wengi wanatumia nailoni. Hakuna kitabu cha kuambia nyuzi zifungwe wapi. Unaketi kando ya mpigaji, unabeba ala yake akienda harusini, unamwangalia vidole, unarekebisha kwa sikio lako mpaka siku anaacha kukusahihisha. Kuhitimu kwako ni siku unapoitwa peke yako kwenye shughuli, unapiga, na mabega ya watu yanaanza kucheza kamabeka bila kuombwa. Yasipocheza, umefeli, na hakuna barua ya kukata rufaa.

Ama chukua khuswala kumuse, yale maneno mazito yanayotolewa siku chache baada ya kuzikwa mzee mwenye hadhi. Hapo masharti ni makali kuliko ya chuo chochote. Si kila mtu anaruhusiwa kusema. Msemaji hutoka katika koo maalum, na lazima ajue historia ya watu, jinsi walivyohama, nani alizaa nani, na aweze kuisema akitembea na fimbo yake mbele ya umati ambao nusu yao wanajua akikosea. Huo ni mtihani wa mdomo wenye watahini mia tano. Hakuna anayeuita mtihani, lakini kila mtu uwanjani anaweza kukwambia nani alipita.

Halafu kuna nyimbo za tohara. Wabukusu hutahiri mwaka wa shufwa, Agosti inapofika. Ukiwa barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa kuelekea Webuye, utapishana na mvulana aliye na chinyimba mkononi, zile kengele za chuma, akikimbia kualika jamaa zake na kundi likimfuata likiimba. Kuna wimbo mmoja, sioyaye, ambao una wakati wake mmoja: asubuhi ile mvulana anarudi kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, anaelekea kisuni. Mtafiti anaweza kuuandika kwa nota, apange sauti zake kwenye mistari mitano, na atakuwa amefanya kazi ya maana. Lakini usimwambie auimbe kwenye ukumbi wa chuo saa nane mchana ndipo apewe alama. Hapo utakuwa umeharibu kitu. Nasema hivi ili nisieleweke vibaya: sidai kila muziki ugeuzwe onyesho. Nadai kwamba kila muziki tayari una namna yake ya kusema nani anaujua, na orodha ya chuo haijawahi kuuliza namna hiyo ni ipi.

Sasa tufike kwa huyu mhojiwa nambari saba.

Wanafunzi wengi ninaowafanyia kazi huja na dodoso. Kabla ya muziki wowote, kuna maswali ya utangulizi: jinsia, umri, kiwango cha elimu. Kiwango cha elimu kina visanduku vinne: hakuna, msingi, sekondari, chuo. Nimesikia rekodi ambapo mzee anaulizwa hilo swali. Anasema hakwenda shule. Unasikia kalamu ikiweka alama. Kisha anaanza kueleza kwa dakika arobaini jinsi anavyofunga nyuzi, kwa nini uzi fulani anauita jina la mtu mkubwa na mwingine jina la mtoto, ni wimbo gani hauchezwi mbele ya wajane, na alipokea mtindo huo kwa nani aliyeupokea kwa nani. Ilinibidi nisimamishe sauti mara nyingi nipate kuandika. Kwenye jedwali la tasnifu, mtu huyo ni mhojiwa nambari saba, elimu: hakuna.

Kuficha majina ni kanuni ya maadili ya utafiti, na ina sababu nzuri. Ukimhoji mgonjwa ama mtu aliyedhulumiwa, unamlinda kwa kuficha jina. Lakini msanii? Msanii kazi yake ndiyo jina lake. Fikiria mtu aandike tasnifu kuhusu riwaya za Kiswahili na atuambie kwamba riwaya hii ilitungwa na Mwandishi wa 3, mwanaume, Unguja. Jopo lingecheka mpaka lianguke viti. Kwenye muziki wa kijijini hatucheki, kwa sababu bila kusema tumeshakubaliana kwamba muziki huo hauna mtunzi. Ni wa "jamii". Mpigaji anakuwa bomba tu ambalo maji ya mila yanapitia. Mara nyingi jina lake utalikuta mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Mungu, mke ama mume, na msimamizi.

Tena sheria yetu iko mbele ya orodha za vyuo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumika. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sikusikia hata rekodi moja ambapo mwanafunzi alimweleza mpigaji kuhusu sheria hiyo. Anamsomea fomu ya ridhaa, mzee anatia sahihi ama dole gumba, basi. Simlaumu mwanafunzi. Amefanya yote yaliyo kwenye orodha. Ndiyo maana nahakiki orodha.

Lakini mhakiki asiyempa mpinzani wake haki yake ni mpiga kelele tu. Kwa hivyo wacha niseme mazuri ya kalamu.

Bila watu walioandika, leo tungekuwa tunakisia mengi. Graham Hyslop alitoa kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya mwaka 1975. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda aliyefundisha Kenya kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake kuhusu muziki wa asili wa Kenya mwaka 1986, na mpaka leo ukitaka kujua ala fulani ya jamii fulani inaitwaje, wengi huanzia hapo. Hao wawili, pamoja na Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume, walikuwa kwenye jopo lililotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963. Huyo Omondi ndiye aliyefanya utafiti wake wa udaktari kuhusu thum, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo ambayo ni ndugu wa litungu, na ndiye aliyeongoza tume ya rais ya muziki ya mwaka 1982. Ukiangalia maisha ya watu kama hao huoni vita kati ya kupiga na kuandika. Walitunga, walifundisha, wakaandika. Tatizo lilikuja baadaye, pale ambapo orodha ilichukua nusu moja ya kazi yao na kuifanya sharti, nusu nyingine ikaachwa iwe kipaji cha mtu binafsi.

Na masharti yaliyoandikwa yanamlinda mwanafunzi. Hili nalijua kwa macho. Msimamizi akikuchukia, orodha inaweza kuwa wakili wako: nimefanya hiki, nimefanya kile, nipe shahada yangu. Ukimleta mzee wa litungu kwenye jopo bila utaratibu, naye ni binadamu. Mpe alama mia agawe na ataanza na mtoto wa dada yake. Koo zina siasa zao, na mila pia ina milango ya kuwafungia watu nje, hasa wanawake. Msichana anayetaka kujifunza ala ambayo wanaume wanasema ni yao anaweza kupata chuoni nafasi ambayo nyumbani asingeipata. Siwezi kuitetea Bungoma kwa kujifanya haina dhuluma.

Bado, hakuna kati ya hayo linaloeleza kwa nini mwenye ujuzi awe chanzo cha data tu, asiwe mwalimu wala mtahini. Majirani zetu walishaonyesha kwamba inawezekana. Pale Kampala, Makumbusho ya Uganda yaliwahi kuwaajiri wanamuziki wapige ala zilizomo, na mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda. Gerhard Kubik kutoka Austria alipofika huko mwishoni mwa 1959, aliketi mbele ya amadinda na Muyinda akawa mwalimu wake. Kubik akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa muziki wa Afrika, na jina la mwalimu wake halikufichwa kwa nambari. Tanzania nayo ilipoanzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, Hukwe Zawose, Mgogo wa ilimba na zeze, alikuwa mwalimu hapo. Hakuna aliyemwekea alama kwenye kisanduku cha "hakuna".

Hapa kwetu Kitale tuna makumbusho ya zamani pia. Chanzo chake ni mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Ni mahali pazuri, pana miti, pana vitu vya jamii za magharibi. Nikipita pale huwa nawaza: kwa nini onyesho la kuhitimu la mtu aliyeandika kuhusu muziki wa Bungoma na Trans Nzoia lisifanyiwe hapo? Wapigaji wenyewe wako safari ya matatu moja. Kwa sasa utetezi wa tasnifu hufanyika kwenye chumba cha mikutano, mamia ya kilomita kutoka kwa walioimba, kwa Kiingereza, na anayepinga hoja ni profesa ambaye pengine hajawahi kusikia ala hiyo isipokuwa kwenye tamasha la muziki la shule.

Na hilo tamasha lenyewe linatufundisha kitu. Tangu 1927 Kenya ina tamasha la muziki, na vizazi vya walimu vimepanda jukwaani na nyimbo za asili, pamoja na za Wabukusu. Ubora wake ni kwamba watoto wanaimba kwa kweli, na muhakiki anasikiliza kwa kweli. Kasoro yake ni kwamba wimbo wa usiku mzima unakatwa uingie kwenye dakika chache, na mwalimu huulenga kwenye karatasi ya alama. Mwalimu huyo ndiye baadaye huenda kusoma uzamili. Akikuta chuoni orodha nyingine inayomuuliza maswali ya makaratasi tu, hatarudi darasani akiwa amebadilika.

Basi naomba nini? Vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji mabilioni.

Kwanza, aliyemfundisha mwanafunzi nyanjani awe na sauti kwenye matokeo. Sisemi apewe tasnifu ya kurasa mia mbili asome. Sehemu yake iwe ile anayoijua: mwanafunzi aje mbele yake, apige ama aimbe kinachoruhusiwa kuimbwa, aeleze kwa Lubukusu ama Kiswahili kile alichojifunza, na mzee aseme kama kimeeleweka. Wawe wawili ama watatu, ili mambo ya mtoto wa dada yasitawale. Walipwe kama mtahini wa nje anavyolipwa. Serikali yenyewe imeanza kuwapa mafundi wa jua kali vyeti vya ujuzi waliopata kazini bila kukaa darasani. Kama fundi wa kuchomelea anaweza kutambuliwa, kwa nini si fundi wa litungu?

Pili, jina. Fomu ya ridhaa imuulize msanii kama anataka kutajwa, na akitaka, atajwe kama mtunzi na mwalimu ndani ya sura zenyewe, mahali hoja yake inapotumika. Kile kisanduku cha elimu kiongezwe swali moja: ulifundishwa na nani, kwa muda gani?

Tatu, sauti irudi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wakipsigis, pamoja na ule wimbo maarufu wa Chemirocha, na rekodi zikakaa Afrika Kusini. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya kikundi cha watu, akiwemo Tabu Osusa wa Ketebul Music, kuzirudisha vijijini. Miaka sitini! Leo rekodi inaingia kwenye simu. Mwanafunzi asihitimu mpaka aache nakala ya sauti, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, mahali ambapo familia ya mpigaji inaweza kufika bila kupanda basi la usiku: maktaba ya kaunti, makumbusho ya Kitale, chuo cha Bungoma. Na kama idara zinaona mzigo umezidi, zipunguze mahali. Zikubali rekodi iliyofafanuliwa vizuri badala ya ile makala ya jarida, ambayo wanafunzi wengine hulipia dola kwa jarida lisilosomwa na mtu, mradi tu lina nambari.

Najua jibu ninaloweza kupewa. Ati wewe uliyeshindwa kumaliza digrii ya kwanza unatufundishaje masharti ya ya pili? Sawa. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo mhojiwa nambari saba naye hana haki ya kusema, na bila yeye hamna tasnifu. Watu tulio nje ya lango tunafanya kazi nyingi ndani yake. Tunatafsiri, tunaimba, tunapika chai ya mtafiti, tunamsindikiza na boda usiku asije akapotea. Tunaruhusiwa kuuliza hiyo kazi inaishia wapi.

Haya si mambo ya maprofesa peke yao. Mtaala mpya umeweka sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za sekondari ya juu. Kutahitajika walimu wa muziki, na wa kuwafundisha hao walimu, na mwenye uzamili ndiye atakayeandika vitabu na kutunga mitihani. Kile ambacho orodha ya leo inamsamehe asijue, mtoto wa Chwele ama wa Kiminini hatafundishwa kesho. Na wapigaji wanazeeka. Katika rekodi nilizoandika, watatu wameshafariki. Waliozikwa na ujuzi wao wana tasnifu zinazowataja kwa nambari, zimewekwa vizuri mtandaoni kama PDF ambayo haitoi hata mlio mmoja.

Mwaka wa shufwa ukija, wanafunzi watakuja tena na simu zao na dodoso. Wakaribishwe, wapewe kiti. Ombi ni kwa idara zao: kabla hamjawatuma, ongezeni mstari mmoja kwenye orodha, unaosema mtu aliyempokea mwanafunzi ataulizwa kama amehitimu. Mimi nitaendelea kuandika rekodi zao kwa bei ile ile.